Usugu wa Dawa Mpakani: Tunampima Nani?

Aprili 2001, katika vijiji vya eneo la Tororo, mashariki mwa Uganda, watafiti walianza kuandikisha watu 509 wanaoishi na VVU. Pamoja nao wakaandikisha watu 1,522 wasio na virusi hivyo, lakini wanaokaa nao nyumba moja: watoto, wake, waume, wazazi, wajukuu. Miezi mitano baadaye wenye VVU wakaanza kupewa kidonge cha kotrimoksazoli kila siku, dawa ambayo pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya inajulikana kwa jina la Septrin. Mwaka 2004 Jonathan Mermin na wenzake walichapisha matokeo katika jarida la Lancet. Vifo miongoni mwa waliokuwa wakimeza kidonge hicho vilipungua kwa asilimia 46. Malaria ilipungua kwa asilimia 72, kuhara kwa asilimia 35 na kulazwa hospitalini kwa asilimia 31. Wakati huo ARV zilikuwa hazijawafikia wanavijiji wengi, na kidonge cha bei rahisi kilichozoeleka kiliwaongezea watu miaka.

Utafiti huo hutajwa mara nyingi kwa sababu ya takwimu hizo. Mimi naukumbuka kwa sababu ya wale 1,522. Kumpa mtu mmoja antibiotiki kila siku, mwaka hadi mwaka, ni kuwapa bakteria wa tumboni mwake nafasi ya kuizoea. Je, bakteria waliozoea dawa watahamia kwa mtoto anayelala mkeka mmoja na mama yake, anayekula naye sahani moja na kutumia naye choo kimoja? Watafiti wa Tororo hawakukisia. Walikusanya sampuli za kinyesi kwa wanaohara, wakaotesha vimelea, wakalinganisha usugu wa kabla na wa baada ya kidonge kuingia nyumbani. Waligundua kwamba usugu dhidi ya Septrin ulikuwa umeshaenea sana hata kabla ya mradi, na kwamba miongoni mwa wanafamilia haukupanda baada ya mgonjwa wao kuanza dawa. Zaidi ya hapo, wanafamilia wenyewe, ambao hawakumeza hata kidonge kimoja, waliugua malaria na kuhara kwa uchache kuliko awali.

Ninachotaka kusema leo kinatokana na swali lao. Ufuatiliaji wa usugu wa dawa una maana tu ukisema waziwazi umempima nani, na nani hukumpima. Mpaka huu wa Uganda na Kenya, pale Busia na Malaba, wenye wagonjwa wa kila namna na serikali mbili zinazowahesabu kila moja kivyake, ndio mahali pa kuonyesha jinsi kazi hiyo inavyopaswa kufanywa.

Tuanze na takwimu tunazosomewa. Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba mwaka 2023, katika kila maambukizi sita ya bakteria yaliyothibitishwa na maabara duniani, moja lilikuwa la bakteria sugu. Kwa kanda ya Afrika ilikuwa moja katika kila matano. Ripoti hiyo ilieleza pia kwamba katika kanda yetu usugu wa E. coli na Klebsiella dhidi ya sefalosporini za kizazi cha tatu, familia ya seftriaksoni, umevuka asilimia 70. Hizi si habari za kupuuzwa. Seftriaksoni ndiyo sindano ambayo afisa wa kliniki huikimbilia mgonjwa anapoletwa usiku akiwa hajitambui.

Lakini hebu tuyatazame vizuri maneno “yaliyothibitishwa na maabara”. Nani hufikishwa maabara? Mradi wa MAAP, uliochunguza nchi 14 za Afrika zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, ulitoa ripoti mwaka 2022 kwamba katika maabara karibu 50,000 za nchi hizo, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa na uwezo wa kupima bakteria. Mtu wa Nagongera au Amukura mwenye homa hupimwa malaria, na malaria isipoonekana huandikiwa antibiotiki kwa kukisia. Akipona, hakuna kilichoandikwa. Asipopona, hununua nyingine dukani. Isiposaidia, hupelekwa hospitali ya wilaya au ya kaunti, na hapo ndipo, kama chupa zipo na mtaalamu yupo, damu yake huoteshwa. Kwa hiyo bakteria anayefika kwenye daftari ni yule aliyeshinda dawa mbili au tatu njiani. Wenzake waliokufa kwa kidonge cha kwanza hawamo. Takwimu ya usugu hapo lazima iwe kubwa kuliko ilivyo kijijini, na hakuna ajuaye ni kubwa kwa kiasi gani.

Nitoe mfano wa kubuni, wa hesabu tu. Tuseme hospitali ilipima mikojo 100 mwaka jana, 80 ya waliolazwa baada ya matibabu kushindikana na 20 ya wajawazito wa kliniki. Tuseme usugu kwa waliolazwa ni asilimia 70, na kwa wajawazito ni asilimia 30. Ukijumlisha unapata asilimia 62. Mwaka huu mradi mpya wa afya ya mama umeleta vifaa, mikojo 80 ikatoka kliniki na 20 tu wodini. Jumla inashuka hadi asilimia 38. Mkuu wa idara atasimama kwenye mkutano na kupongezwa kwa kupunguza usugu, na katika wilaya nzima hakuna bakteria hata mmoja aliyebadilika. Mambo hayo hayo yanaweza kutokea kinyume chake, na daktari akaacha dawa ambayo bado inawafaa wajawazito wake kwa sababu ya takwimu ya wodi ya upasuaji.

Dawa ya kosa hilo ni kugawa wagonjwa kwa makundi. Mfumo wa dunia wa ufuatiliaji, GLASS, ulioanzishwa na WHO mwaka 2015, unadai aina ya sampuli, umri, jinsia, na kama maambukizi yalianzia nje au yalimkuta mgonjwa akiwa ameshalazwa zaidi ya siku mbili. Ni mwanzo mzuri. Kwa Tororo na Busia hautoshi, maana mambo yanayompa mtu wa huku bakteria sugu hayamo katika safu hizo. Hauulizi kama mgonjwa anaishi na VVU na humeza Septrin kila siku. Hauulizi kama ni mjamzito, wala kama wiki iliyopita alikuwa upande wa pili wa mpaka.

Kundi la wanaoishi na VVU linahitaji maelezo marefu kidogo. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2014 ulisema kwamba mahali penye malaria nyingi au maambukizi makali ya bakteria, Septrin iendelee kutolewa bila kujali idadi ya CD4 (seli za kinga) za mgonjwa. Naunga mkono uamuzi huo. Mjini Homa Bay, Kenya, watafiti waliwapanga watu 500 wenye VVU waliokuwa imara kwa ARV, nusu waache Septrin na nusu waendelee. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, na walioacha waliugua malaria zaidi kuliko walioendelea. Tororo kwenyewe, watoto waliozaliwa na mama wenye VVU na wakaendelea na Septrin baada ya kuachishwa ziwa walipata malaria pungufu kwa asilimia 39. Hakuna sababu ya kuwanyang'anya watu kidonge hiki.

Lakini kidonge kina matokeo yake ndani ya tumbo. Utafiti uliofanywa upande wa Kenya, magharibi, na kuchapishwa mwaka 2008 uliwafuata watu wazima wenye VVU walioanza Septrin, na E. coli wa kawaida wa tumboni mwao wakageuka sugu dhidi yake kwa muda mfupi. E. coli huyo akipanda kwenye njia ya mkojo, Septrin haitamgusa. Kwa hiyo mama mwenye VVU anayelalamika kwamba mkojo unamchoma asiandikiwe Septrin ya kutibu, hata kama jirani yake asiye na VVU bado anaweza kusaidiwa nayo. Watu wawili wa kijiji kimoja na ugonjwa mmoja wanahitaji majedwali mawili tofauti ya dawa. Jedwali moja la wilaya litamdhuru mmoja wao.

Hapa niseme jambo moja kwa uzito wote. Kugawa wagonjwa kwa makundi kunaweza kugeuzwa fimbo. Nimewasikia wahudumu wa afya wakizungumza kana kwamba wenye VVU ndio kiwanda cha usugu. Ushahidi wa Tororo unakataa: jamaa zao hawakuongezewa usugu, waliongezewa afya. Taarifa ya VVU ikiingia kwenye fomu ya maabara iingie kwa namba ya siri, isomwe na anayechambua tu, na mgonjwa aelezwe kwamba inachukuliwa ili apewe dawa inayofanya kazi mwilini mwake. Bila hivyo watu wataficha, na takwimu itakuwa ya uongo.

Kundi la pili ni wajawazito, ambao wanafikika kirahisi kuliko wote, kwa kuwa karibu kila mmoja huhudhuria kliniki angalau mara moja. Katika hospitali ya Masafu, wilaya ya Busia ya Uganda, wajawazito 782 walishiriki utafiti uliotoka katika Lancet mwaka 2019, ukilinganisha dawa mbili za kukinga malaria. Ile mpya ilizuia malaria vizuri zaidi kuliko SP ya siku zote, na bado watoto hawakuzaliwa na afya bora kuliko wa kundi la SP. Inawezekanaje, hali vimelea vya malaria vya eneo hili vina usugu mkubwa dhidi ya SP? Wanasayansi wanashuku kwamba SP, ambayo ndani yake mna salfa iliyo ndugu wa salfa ya Septrin, inafanya kazi nyingine ya kupambana na bakteria. Kama ni hivyo, basi kila mjamzito wa mpakani anameza, bila kuitwa hivyo, kiasi fulani cha antibiotiki kila anapopewa SP. Hatuwezi kujua inafanya nini kwa bakteria wake tusipopima mkojo wake kliniki na kuandika alimeza SP lini. Chombo cha mkojo si ghali, na mama ameshafika.

Kuhusu kundi la tatu, watoto wachanga, nitakuwa mkali. Mtoto wa siku tatu mwenye homa au baridi isiyo ya kawaida, asiyenyonya, hupewa ampisilini na gentamisini kama WHO inavyoelekeza. Utafiti wa NeoOBS, uliofuatilia watoto wachanga 3,204 katika nchi 11, Kenya na Uganda zikiwemo, kati ya 2018 na 2020, ulikuta Klebsiella ndiye anayeongoza katika damu zao, na huyo mara nyingi hashindwi na dawa hizo mbili. Mara nyingi haji na mtoto kutoka tumboni. Humkuta wodini, mikononi mwa wahudumu, kwenye mirija, kwenye sinki, kwenye chupa ya dawa iliyofunguliwa asubuhi na kutumika hadi jioni. Takwimu ya usugu wa kundi hili ikipanda, jibu la kwanza lisiwe kuagiza dawa kali zaidi. Liwe maji ya bomba, sabuni, na kitanda kimoja kwa mtoto mmoja.

Kundi la nne, madereva wa malori, halimo kwenye daftari lolote. Malori yanayosubiri kuvuka Malaba na Busia yamepunguza muda wa kukaa tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, lakini madereva bado hulala mpakani, na biashara ya usiku bado ipo. Dereva mwenye kisonono haendi hospitali ya kaunti. Huenda kwa kemisti, akaeleza dalili kwa sauti ya chini, akapewa vidonge na kuondoka kuelekea Kampala, Kigali au Juba. Kimelea cha kisonono ni kimoja kati ya vimelea vinane vya kwanza ambavyo GLASS ilivitaja, na Uganda inashiriki mpango wa WHO wa kukifuatilia katika kliniki za Kampala, ambako siprofloksasini imekuwa haina kazi tena dhidi yake. Ni jambo jema. Lakini mtu akitaka kujua kisonono gani kinasafiri Afrika Mashariki, asisubiri Kampala. Aweke kliniki ya usiku, yenye heshima na siri, pale malori yanapoegeshwa.

Watu wengi wanaoamua bajeti hawajawahi kuona kipimo chenyewe kikifanywa. Mililita moja au mbili za damu ya mtoto huingizwa kwenye chupa yenye mchuzi wa kuoteshea, ngozi ikiwa imesafishwa vyema, maana bakteria wa ngozi wakiingia watamdanganya kila mtu. Chupa huwekwa kwenye kiatamizi chenye joto la mwili. Inaangaliwa kila siku hadi siku tano, na umeme ukikatika usiku kucha bila jenereta, kazi imeharibika. Mchuzi ukionyesha dalili, tone lake hupakwa kwenye sahani ya agari. Kesho yake vidoti vinaonekana: vya Klebsiella huwa vinene na vyenye utelezi. Kidoti kimoja huchanganywa na maji ya chumvi, kikapakwa upya sahani nzima, kisha visahani vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa tofauti hupangwa juu yake. Siku ya pili, pale dawa ilipofanya kazi kuna duara safi lisilo na uoto. Mtaalamu huchukua rula na kulipima kwa milimita. Duara likiwa dogo kuliko kipimo kilichokubaliwa, bakteria ni sugu. Pale bakteria wanapogusa ukingo wa karatasi bila woga, huhitaji shahada kuelewa kwa nini mtoto hakupona.

Kazi hiyo huchukua siku tatu au nne, na daktari hawezi kumsubirisha mtoto. Kwa hiyo jibu la mtoto huyu humsaidia zaidi mtoto wa mwezi ujao, kupitia jedwali linaloonyesha, kwa kila bakteria na kila kundi, ni dawa ipi ingali inafanya kazi. Wataalamu wamekubaliana kwamba jedwali kama hilo lisitegemewe kama aina moja ya bakteria haijapatikana angalau kwa wagonjwa 30, kila mgonjwa akihesabiwa mara moja. Hapo ndipo ugumu wote wa wilaya ndogo unapoanzia. Ukiwagawa wagonjwa kwa makundi manne, unahitaji, kwa mfano, Klebsiella 30 wa watoto wachanga, E. coli 30 wa wajawazito, na E. coli 30 wa wenye VVU. Hospitali moja ya mpakani inaweza kukaa miaka miwili bila kuifikia idadi hiyo. Wengi hukata tamaa, wakachanganya kila kitu na kurudi kwenye wastani.

Jibu langu ni kuunganisha pande mbili. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, Masafu na Tororo zinahudumia Wasamia, Wateso, Wajopadhola na wenzao ambao walikuwapo kabla ya mstari kuchorwa. Shangazi yuko huku, shamba liko kule. Mama hujifungulia pale anapoona huduma ni nafuu, na dawa zilizofungwa Nairobi huuzwa Tororo kama zilizofungwa Kampala zinavyouzwa Busia. Klebsiella 12 wa upande mmoja na 19 wa upande wa pili ni 31, na 31 wanatosha jedwali. Ofisi mbili zikikaa kila moja na karatasi zake, hakuna mwenye jedwali.

Msingi wa jambo hili uliwahi kuwekwa. Kuanzia mwaka 2010, kwa fedha za Benki ya Dunia, nchi za Afrika Mashariki zilijenga mtandao wa maabara za afya ya jamii, na nyingi ziliwekwa makusudi karibu na mipaka. Busia ilikuwa miongoni mwa maabara za Kenya, Mbale miongoni mwa za Uganda. Majengo yapo, na watu walifundishwa. Programu ya kompyuta ya WHONET, inayotumika dunia nzima kutunza matokeo ya usugu, inafahamika pande zote mbili, kwa hiyo mafaili yanaweza kuunganishwa wataalamu wakikubaliana watumie vipimo vilevile vya milimita na majina yaleyale ya wodi. Uganda inazo pikipiki zinazobeba sampuli za VVU kutoka vituo vidogo hadi maabara kubwa kwa ratiba. Chupa ya damu iliyochukuliwa Mulanda asubuhi inaweza kupanda pikipiki hiyo hiyo.

Kuna kundi la tano, nalo ni wazima. Waliofanya utafiti wa kijamii juu ya antibiotiki huko Tororo, chini ya mradi ulioongozwa kutoka chuo cha afya ya tropiki cha London, walitumia njia rahisi ninayoipenda. Walinunua dawa zote zinazouzwa eneo hilo, wakazitia kwenye mfuko, wakaingia nyumba kwa nyumba na kuzimwaga mbele ya wenyeji. Wakauliza: zipi unazijua? Zipi umewahi kutumia? Zipi unazitumia mara kwa mara? Zipi ungezitaka lakini huzipati? Mtu hupanga mafungu yake mwenyewe. Kwa njia hiyo kapsuli ya rangi mbili, ambayo mgonjwa hawezi kuitaja jina wala hatakubali hospitalini kwamba alishaimeza, inatambulika mara moja. Maabara ikijua kwamba amoksisilini, Septrin na metronidazoli ndizo zilizoko kwenye kila fungu la “natumia mara kwa mara”, itajua bakteria wa kijiji wanazoezwa na nini. Njia hii haihitaji kiatamizi. Wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kuifanya mara moja kwa mwaka katika kaya chache zilizochaguliwa kwa kura.

Mifugo nitaigusa kwa ufupi, ingawa inastahili safu yake. Kati ya 2010 na 2012 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wakiwa na maabara yao Busia walipima kaya 416 za magharibi mwa Kenya, watu pamoja na ng'ombe wao, siku moja na mahali pamoja. Denmark imekuwa ikihesabu usugu wa wanyama, chakula na binadamu katika ripoti moja tangu 1995. Busia ilikwisha kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana kwenye boma la udongo.

Sasa niseme kwa nini nina haraka. Kilifi, pwani ya Kenya, kati ya 1998 na 2002, waliamua kuotesha damu ya kila mtoto anayelazwa, bila kuchagua. Walipohesabu, walikuta bakteria katika damu walihusika na asilimia 26 ya vifo vyote vya watoto hospitalini hapo, wakati ambapo wengi waliamini kwamba muuaji mkuu ni malaria peke yake. Picha hiyo isingeonekana kama wangepima wale tu waliokuwa hoi. Lakini Kilifi, kama Tororo, ilitegemea fedha za watafiti kutoka nje. Mapema mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, ikatikisa huduma za VVU ambazo ndizo zilizobeba maabara zetu nyingi. Julai mwaka huohuo Uingereza ikatangaza kuufunga Fleming Fund, mfuko uliokuwa ukilipia vifaa na mafunzo ya ufuatiliaji wa usugu Kenya, Uganda na Tanzania. Mradi ukiondoka, mtaalamu aliyefundishwa huhamia kwingine, kiatamizi hufunikwa kitambaa, na daftari husimama ukurasa wa katikati.

Kenya ilitoa mpango wake wa kwanza wa taifa wa kupambana na usugu mwaka 2017, Uganda mwaka 2018. Imeandikwa vizuri. Kinachokosekana ni mstari wa fedha katika bajeti ya kaunti na ya wilaya, wenye majina ya vitu: chupa za damu, agari, visahani vya dawa, mshahara wa mtaalamu mmoja wa bakteria, mafuta ya jenereta. Ukiuliza, utaambiwa ni ghali. Ghali kuliko nini? Seftriaksoni inayodungwa kwa siku saba kwa mgonjwa asiyeihitaji, au kwa mgonjwa ambaye haitamponya, nayo inanunuliwa kwa fedha za umma.

Kwa hiyo nawaomba maafisa wakuu wa afya wa Kaunti ya Busia, wa Wilaya ya Busia na wa Tororo wakutane, bila kusubiri mfadhili wa kulipia ukumbi, wakubaliane fomu moja ya sampuli yenye maswali matano ya nyongeza: mgonjwa ni mjamzito, ni mchanga, anameza Septrin kila siku, alitumia antibiotiki gani wiki mbili zilizopita, na alilala upande gani wa mpaka. Wawape wataalamu wao wa maabara ruhusa ya maandishi ya kubadilishana mafaili yasiyo na majina kila baada ya miezi mitatu. Na madiwani wa pande zote mbili wanaosoma safu hii wajue kwamba mwaka wa fedha wa Kenya na ule wa Uganda huanza siku moja, tarehe 1 Julai. Chupa za damu ziingizwe kwenye bajeti zote mbili kabla ya tarehe hiyo.